Mficha uchi hazai, na mficha programu je?

Huku Indianapolis tuko salama. Joto limeanza, mahindi nje ya mji yamesimama vizuri, ila mpaka leo sijaona mtu wa kuyachoma barabarani na kuyapaka ndimu na pilipili. Salamu nyingi kwa wote, kuanzia Tanga mpaka Dar, na kwa wale wa Mombasa ambao hamniandikii mpaka Idi ifike.

Leo nina neno, na nitalisema wazi kwa sababu linahusu pesa za ukoo.

Tangu mwaka huu uanze nimepokea barua pepe tatu kutoka kwa vijana wa nyumbani wanaotengeneza programu za kompyuta na simu. Mmoja ana programu ya vikoba, mwingine ya maduka ya dawa. Wa tatu hajasema yake ni ya nini. Kwa nini hajasema? Kwa sababu anataka kwanza nisaini karatasi ya kutunza siri. Kumbe hata wale wawili wameiambatanisha karatasi hiyo hiyo. Na wote watatu wanaomba ukoo uchange, wapate ofisi yenye mlango wa chuma na kompyuta isiyoguswa na mtu mwingine. Baadhi yenu wazee mmenipigia simu mkiuliza, je, tuchange?

Jibu langu ni hili: kwa mlango wa chuma, hapana. Tuchangie, lakini tuchangie kitu kingine. Naomba mnisikilize, maana najua nikisema hapana bila maelezo nitaambiwa Marekani imenibadilisha moyo.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Shangazi aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, kazi yako si ni kukaa chumbani peke yako na kompyuta?" Wengi mna picha hiyo. Mtengeneza programu ni kama mganga, anajifungia ndani, anachemsha mambo yake, anatoka na dawa. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya siku yangu ni maneno. Asubuhi tunasimama duara, watu saba, kwa dakika 15. Kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini na amekwama wapi. Tunasimama makusudi, ili mtu asinogewe na kiti akageuza kikao kuwa baraza la kahawa. Halafu kila kipande cha programu unachoandika hakiingii kazini mpaka mwenzako akisome mstari kwa mstari na kukipitisha. Uwe mkubwa, uwe mdogo, utasomwa.

Tuna mama mmoja mwenye zaidi ya miaka 30 katika kazi hii. Siku moja aliandika kipande cha kuhesabu umri wa wateja wa bima. Aliyepewa kukikagua ni kijana wa miaka 23, ameajiriwa juzi tu. Kijana akauliza swali moja: mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari, katika mwaka usio na tarehe hiyo, tunasema ametimiza umri lini? Yule mama akacheka, akasema ahsante, akarekebisha. Hakuna aliyenuna. Bila swali lile huenda mteja fulani angekuja kuhesabiwa umri usio wake, na sisi tungejua siku ya malalamiko.

Kuna hata kichekesho chetu. Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas walitoa kitabu kiitwacho The Pragmatic Programmer. Ndani yake mna kisa cha mtengeneza programu mwenye bata wa mpira, yule wa kuchezea watoto wakioga. Ukikwama, unamweleza bata programu yako mstari kwa mstari, na katikati ya maelezo unajikuta umeliona kosa mwenyewe. Basi huku ukipita kwenye maofisi ya watu wetu utaona bata mezani kweli kweli. Sasa mimi nauliza, kama kuongea na bata kunasaidia, kuongea na mtu mwenye macho na akili je?

Vijana wetu wananijibu, "Anko, nikiwaonyesha wataniibia wazo." Hapo ndipo tunapoachana njia. Wazo na programu ni vitu viwili. Wazo ni kama kusema "nitafungua mgahawa wa pilau". Sawa, lakini pilau iko wapi? Nani ameionja? Amesema chumvi imezidi au imepungua?

Chukueni M-Pesa, ambayo kila mmoja wenu anaijua. Ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007. Lakini ilipoanza kujaribiwa, mwezi Oktoba 2005, shabaha haikuwa kutumiana pesa kama tunavyofanya leo. Vodafone na Safaricom walikuwa wanawafikiria watu wanaokopa kwenye mashirika ya mikopo midogo, wapokee mkopo na kurejesha kwa simu. Wakawapa wananchi wa kawaida waitumie. Wananchi wale wakaanza kuifanyia mambo yao. Huyu anaweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuitoa akifika. Yule anamlipa mwenzake wa biashara. Mwingine anatuma kwa jamaa aliye mbali. Wenye mradi wakatazama, wakasikiliza, wakabadilisha.

Tafakarini hapo. Kama lile wazo la mwanzo lingefungiwa kwenye ofisi yenye mlango wa chuma, ni nini hasa kingelindwa? Lingelindwa wazo ambalo halijakaa sawa. Lililokuja kuwa na thamani lilitoka kwa watu walioonyeshwa.

Au twende Finland. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwatangazia watu asiowajua kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, na akawauliza wangependa uwe na nini. Haukuwa umekamilika, na hakuficha hilo. Watu wakauchukua, wakaujaribu, wakamwambia kasoro, wengine wakamletea marekebisho. Mfumo huo ni Linux. Kama unasoma haya kwenye simu ya Android, moyo wa simu yako ni huo. Angeufungia kabatini asubiri mfadhili, leo nisingekuwa na habari ya kuwapa.

Mtasema hao ni Wazungu. Haya, turudi kwetu. Januari 2008, Kenya ikiwa inaungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh aliuliza hadharani nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha machafuko yanatokea wapi. Hakumsainisha mtu karatasi. Waliojitokeza walikuwa pamoja na Juliana Rotich, Erik Hersman, na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, huku huku Marekani. Kwa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani, na wananchi wakawa wanatuma taarifa. Kwa kuwa maandishi ya programu yaliachwa wazi, tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu wengine waliichukua na kuitumia kupanga taarifa za waliohitaji msaada. Je, kuna mtu aliyesahau kwamba Ushahidi ilitoka Kenya? Hakuna. Kuachwa wazi hakukuwanyima jina lao, kumelifikisha mbali.

Na huu mji ninaoishi una ndugu yake nyumbani. Watu wa taasisi ya Regenstrief ya hapa Indianapolis na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walikuwa na tatizo la kutunza kumbukumbu za wagonjwa wengi wa UKIMWI magharibi mwa Kenya. Mwaka 2004 ikaanza kazi iliyokuja kuitwa OpenMRS. Wangeweza kuifanya siri yao. Badala yake walizungumza na wengine wenye tatizo hilo hilo, wakiwemo waliokuwa wakihudumia wagonjwa Rwanda na Afrika Kusini, wakaijenga pamoja. Jifya moja haliinjiki chungu, wazee walishasema.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa vikoba, maana yeye ndiye aliyenichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Mama zangu mlio kwenye vikoba mnajua sanduku lilivyo. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote wawepo, na pesa inahesabiwa mbele ya kikundi kizima. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mliona zamani kwamba pesa inayolindwa na mtu mmoja haina ulinzi. Usalama wa kikoba ni macho ya wengi. Halafu anatokea kijana anataka kuwatengenezea programu ya kikoba ambayo maandishi yake hayajasomwa na mtu yeyote isipokuwa yeye! Akiwa amekosea kugawa faida ya mwisho wa mwaka, nani atajua? Akiwa amesahau faini za wachelewaji, nani atamwambia? Mweka hazina wa Pongwe angelijua hilo kwa dakika tano, lakini hajaonyeshwa, eti ni siri.

Najua mtakuwa na la kusema. Mtasema, "Wewe uko Marekani, sheria ipo. Huku watu wanaibiwa kweli." Sibishi. Wapo vijana waliopeleka kazi yao kwa mkubwa fulani, wakaambiwa subiri, miezi ikapita, kazi ikatokea kwa jina la mtu mwingine. Inauma. Lakini tumtazame mwizi huyo vizuri. Je, ni kijana mwenzako anayekaa benchi moja nawe akihangaika na mdudu wake kwenye programu yake? Mara nyingi si huyo. Ni mwenye cheo, mwenye kugawa zabuni. Na karatasi yako ya siri, yeye ndiye wa kwanza kukataa kuisaini! Kwa hiyo karatasi inawafukuza wale ambao wangekusaidia, na haimzuii yule ambaye angekudhuru.

Kinachokulinda ni kingine. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inayalinda maandishi ya programu kama inavyolinda maandishi ya kitabu. Wazo tupu haililindi. Maana yake, ukikaa na wazo kichwani huna kitu cha kulindwa; ukiandika, unacho. Halafu kuna Git, chombo ambacho Torvalds huyo huyo alikitengeneza mwaka 2005. Kinatunza kila badiliko, nani aliandika na lini. Ukiweka kazi yako mahali kama GitHub, jina lako linakaa mbele ya macho ya watu. Na watu 200 wakishaijua programu kuwa ni yako, mwizi atapata kazi ngumu kuliko kama ilijulikana na wewe na mlango wako.

Wala sisemi utoe kila kitu nje kama nguo za kuanika. Nywila hazionyeshwi. Funguo za seva hazionyeshwi. Majina, namba za simu na salio za wateja hazionyeshwi kamwe, hata kwa mjomba. Kama umeajiriwa au umelipwa na mteja, heshimu mkataba wake. Hata mimi kazi ya ofisini kwangu siitoi nje, naonyeshana na wenzangu wa ndani. Na kama hutaki dunia nzima ione, waonyeshe watu wanne unaowaamini. Ninachokataa ni programu iliyosomwa na mtu mmoja peke yake.

Tena nisiwadanganye kwamba uwazi ni hirizi. Mwaka 2014 liligunduliwa kosa kubwa, likaitwa Heartbleed, kwenye programu ya OpenSSL inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Maandishi yake yalikuwa wazi kwa kila mtu, na kosa lile lilikuwa limekaa humo kama miaka miwili. Lilikuwa wazi, lakini wasomaji walikuwa wachache mno. Linganisheni na mwezi Machi 2024. Andres Freund, mtengeneza programu, aliona kompyuta yake inachelewa kama nusu sekunde wakati wa kuingia. Nusu sekunde tu! Wengi tungepuuza. Yeye akachimba, akakuta mtu amepenyeza mlango wa siri kwenye chombo kiitwacho xz, akawaambia wenzake hadharani, ukazibwa kabla haujaenea. Aliweza kuchimba kwa sababu maandishi yalikuwa mbele yake. Kwa hiyo kuweka wazi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na watu wanaosoma na kusemezana.

Sasa niguse jambo ambalo vijana hawalisemi. Mimi naamini hofu ya kuibiwa, kwa wengi wao, ni hofu ya kuchekwa iliyovaa koti. Shuleni tulizoea kuficha daftari kwa kiwiko. Aliyekosea alichekwa darasa zima, na aliyeuliza aliitwa mjinga, ingawa tunasema kila siku kuuliza si ujinga. Ukichanganya na kwamba mazungumzo ya kazi hii mengi ni kwa Kiingereza, kijana anaona bora anyamaze kuliko aonekane hajui mambo mawili kwa mpigo, programu na lugha.

Kwa hilo nawaambia, semezaneni kwa Kiswahili! Nani amekataza? Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Ili kuitoa ilibidi wakae wabishane neno kwa neno, hiki kiitweje na kile kiitweje. Mabishano ya namna hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayeweza kueleza kwa Kiswahili jinsi programu yake inavyogawa faida ya kikoba, huyo anaielewa. Asiyeweza, hata Kiingereza hakitamsaidia.

Basi, wazee wangu mnaoulizwa michango, naomba kabla ya kufungua pochi mumuulize kijana maswali matatu. Yawe kama zile kufuli tatu za sanduku.

La kwanza: nani ameitumia, ambaye si ndugu yako wala rafiki yako? La pili: nani mwingine ameyasoma maandishi yake? La tatu: hao walikwambia nini, na wewe ulibadilisha nini?

Akijibu yote matatu, changieni, na mimi nitaongeza fungu langu. Akishindwa lolote, msimkatishe tamaa, bali msimpe pesa ya mlango. Mpeni ya bando, mpeni nauli ya kwenda kukaa siku nzima na mweka hazina wa kikoba au muuza dawa, mpeni ya chai ya kukutana na vijana wenzake watatu kila Jumamosi, kila mmoja na kazi yake mezani, wasomane. Ni pesa ndogo kuliko kodi ya ofisi kwa mwezi mmoja. Na baada ya miezi mitatu mtajua kama kuna programu au kuna karatasi ya siri tu.

Nanyi vijana watatu, najua mnasoma hapa. Karatasi zenu sitasaini, na msichukie. Badala yake nawapa saa yangu moja kila Jumamosi, saa mbili asubuhi kwangu, ambayo kwa majira haya ya joto ni saa tisa alasiri huko. Tutafungua kazi ya mmoja wenu, wote wanne tuisome. Nami nitaleta ya kwangu ninayoitengeneza nyumbani, muichambue bila kunionea haya kwa sababu mimi ni anko. Wa vikoba aanze. Aje na yule mama wa Pongwe, na kama mama hana simu ya kuonea picha, amsomee kwa sauti.

Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Vijana wana vipaji, hilo halina ubishi. Wanachokosa ni wa kuwaambia "hapa umekosea, na hapa umepatia", na hilo haliuzwi dukani pamoja na kufuli.

Niandikieni mnaonaje, hasa mnaopinga. Wasalaam, na msalimieni Bibi.